Kuvuka Ukingo wa Ngorongoro: Gari, Mapafu na Ukungu

Mtu asimamaye alfajiri ya mwezi wa Juni katika mashamba ya Qurus, wilayani Karatu, akielekeza uso wake kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, mara nyingi haoni mlima. Huona mashamba ya mahindi, mbaazi na ngano yakipanda taratibu juu ya udongo mwekundu, kisha mpaka wa msitu uliokatika kama mstari wa rula, na juu ya msitu huo ukungu mweupe usiosogea. Barabara kuu ya kuelekea Serengeti hupenya katika ukungu huo. Lami, iliyowekwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, huishia katika lango la Loduare. Kutoka hapo kwa miaka mingi njia imekuwa ya udongo na changarawe, yenye kona zilizofunikwa na miti, hadi itokeze ghafla juu ya ukingo wa kreta.

Mji wa Karatu uko katika kimo cha mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Mahali barabara inapofika ukingoni ni karibu mita 2,300. Tofauti ya mita 800 si kubwa ikilinganishwa na Kilimanjaro, wala hakuna theluji ya kumtisha msafiri. Hata hivyo katika safari hiyo isiyofikia hata saa moja, hewa, maji, injini na mwili wa binadamu hubadilika kwa kiasi kinachoweza kupimwa kwa vyombo vilivyomo katika maabara ya shule yoyote ya sekondari. Mabadiliko hayo ndiyo yanayoamua kama gari litafika salama, na kama chemchemi za Karatu zitakuwa na maji mwakani.

Ukingo wenyewe ni mabaki ya mlima wa volkano ambao kilele chake kiliporomoka ndani, zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, baada ya uji wa miamba uliokishikilia kumwagika. Kilichobaki ni bakuli lenye kina cha mita 600 hivi na eneo la kilomita za mraba zipatazo 260. Milima jirani, kama Oldeani, Olmoti, Empakaai na Lolmalasin, nayo ni volkano za jamii hiyo hiyo. Zikiwa zimesimama bega kwa bega, hufanya kizuizi kirefu kati ya mashamba ya Karatu na mbuga kavu za magharibi. Atakaye kutoka upande mmoja kwenda wa pili kwa njia hii hana budi kupanda.

Jambo la kwanza linalobadilika ni hewa. Watu husema kwamba juu ya mlima "oksijeni ni chache", na wanafunzi wengi hudhani kwamba mchanganyiko wa hewa hubadilika. Sivyo. Ukingoni, kama ilivyo Dar es Salaam, oksijeni ni takribani sehemu 21 katika kila sehemu 100 za hewa. Kinachopungua ni mgandamizo. Hewa ina uzito, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa iliyobaki juu yake inavyokuwa kidogo. Katika usawa wa bahari mgandamizo wa kawaida ni milibari 1,013; Karatu ni kama 845; ukingoni ni kama 767; na juu ya Lolmalasin, penye kimo cha zaidi ya mita 3,600, hauzidi 650 hivi. Kwa hiyo kila pumzi ivutwayo ukingoni huleta mapafuni robo tatu tu ya oksijeni ambayo pumzi ya ukubwa huo huo ingeleta pwani.

Injini ya gari nayo huvuta pumzi. Kila pistoni ishukapo hujaza silinda hewa, na ujazo wa silinda haubadiliki. Lakini hewa ikiwa nyepesi, oksijeni ya kuunguzia mafuta hupungua. Kwa makadirio ya mafundi, injini isiyo na turbo hupoteza sehemu 1 katika 100 ya nguvu yake kwa kila mita 100 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Lori lililoondoka Tanga na nguvu za farasi 100 hufika ukingoni likiwa na 77 hivi, na hapo ndipo lilipo na kazi kubwa kuliko zote. Magari ya zamani yenye kabureta yalikuwa na tatizo jingine: kabureta iliendelea kumimina petroli kwa kipimo cha pwani, hewa haikutosha, na moshi mweusi ukatoka. Magari ya sasa hupima hewa inayoingia na kupunguza mafuta yenyewe, na yenye turbo husukumiwa hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Lakini hata hayo hayakusamehewa kila kitu, kwa sababu hewa ile ile nyepesi ndiyo inayopaswa kupoza rejeta.

Hapa pana hatari ambayo yafaa ielezwe kwa kirefu, kwa kuwa mwaka hadi mwaka huunguza watu ambao wangeweza kuepuka. Maji huchemka pale mgandamizo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Pwani ni nyuzi 100 za sentigredi. Karatu ni karibu 95, na ukingoni ni karibu 92. Kama rejeta ingekuwa sufuria iliyo wazi, maji yake yangechemka mapema mno. Ndiyo maana hufungwa kwa kifuniko chenye springi, kinachoongeza mgandamizo ndani hata maji yaweze kufikia nyuzi 110 na zaidi bila kuchemka. Dereva asimamaye juu ya kilima huku sindano ya joto ikiwa katika nyekundu, kisha akamwambia utingo afungue kifuniko ili waongeze maji, humwondolea yule kijana kinga yake kwa mkupuo mmoja. Maji ya nyuzi 110 hujikuta ghafla mahali ambapo yanapaswa kuchemka kwa nyuzi 92. Joto lililozidi halina pa kwenda ila kuyageuza maji kuwa mvuke. Mwanafunzi anaweza kukokotoa: katika lita 10 za maji hayo, gramu 330 hivi hugeuka mvuke karibu papo hapo, na mvuke huo ukitoka nje hudai nafasi ya lita zipatazo 700. Unapotoka husukuma mbele yake maji yanayochemka, moja kwa moja usoni. Kungoja nusu saa injini ipoe ni kupoteza nusu saa tu.

Habari hiyo hiyo ya kuchemka ndiyo inayowafanya wapishi wa kambi zilizo ukingoni kulalamika kwamba maharage "yamekataa". Hayakukataa. Makande yanayochemka kwa nyuzi 92 hayapati joto la nyuzi 100 hata moto ukiongezwa kuni mara mbili. Maji huisha upesi zaidi, basi. Dawa ni kuloweka maharage usiku, au kuweka jiwe juu ya kifuniko, ambalo ni rejeta ya jikoni.

Kabla ya kuja vyombo vya kisasa, wasafiri walitumia kanuni hii kupimia kimo cha nchi. Burton na Speke, walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, walichemsha maji na kusoma kipimajoto, wakapata kimo cha futi 1,850, yaani mita 560 hivi. Kimo halisi ni karibu mita 770. Kosa linaonekana kubwa. Lakini kwa kuwa joto la kuchemka hupungua nyuzi 1 kwa kila mita 300 hivi, kipimajoto chao kilihitaji kukosea kwa nyuzi 0.7 tu. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi ukingoni na jiko dogo asikose kukijaribu kipimajoto chake kwanza nyumbani.

Mwili wa binadamu una akili kuliko kabureta. Mtu ashukaye garini ukingoni na kuanza kutembea huhisi moyo ukienda mbio na pumzi zikiongezeka kabla hajafanya kazi ya maana. Huo si ugonjwa. Vipokezi vilivyo katika mishipa mikubwa ya shingo vimehisi upungufu wa oksijeni katika damu na kuamuru mapafu na moyo viongeze kasi. Mtu akikaa wiki kadhaa, figo hutoa homoni inayoyachochea mafuta ya mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi zaidi.

Kimo cha ukingo wa Ngorongoro kinakaribiana sana na kile cha jiji la Mexico, lililo katika mita 2,240, ambako michezo ya Olimpiki ilifanyika mwaka 1968. Hewa ya huko iliwasaidia walioruka na waliokimbia mbio fupi, kwa sababu hewa nyepesi haizuii sana mwili unaoipasua. Mmarekani Bob Beamon aliruka mita 8.90, rekodi iliyodumu hadi 1991. Katika mbio ndefu, zinazotegemea oksijeni ya kila pumzi, mambo yaligeuka. Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 kwa muda uliokuwa karibu dakika mbili nyuma ya rekodi ya dunia ya wakati ule. Washindi wa mbio zote za wanaume kuanzia mita 1,500 hadi marathoni walikuwa Waafrika, na wengi wao walilelewa katika nchi za juu. Ni katika marathoni hiyo ambapo John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, wilaya ambayo Karatu ilikuwa sehemu yake siku hizo, alibanwa na misuli, akaanguka na kuumia vibaya goti, na bado akamaliza, wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliofika. Miaka sita baadaye Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Si haki kusema kwamba kimo peke yake hutengeneza mwanariadha. Maelfu ya watu huishi katika kimo hicho hicho bila kumfikia Bayi.

Kwa mtembeaji wa kawaida, njia ziko nyingi: kutoka Nainokanoka kupanda Olmoti hadi maporomoko ya mto Munge, kuteremka katika kreta ya Empakaai penye ziwa la magadi na korongo, au kutembea siku nzima katika mteremko wa Oldeani, mlima ulioitwa kwa jina la Kimaasai la mianzi imeayo juu yake. Safari hizi hufanywa pamoja na askari wa wanyamapori mwenye silaha, kwa kuwa nyati hamjui mtalii wala mwanafunzi. Mtu mwenye kilo 60 apandaye mita 300 hufanya kazi ya jouli 176,000. Misuli hugeuza robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, kwa hiyo chakula kinachohitajika ni cha jouli 700,000 hivi, sawa na gramu 40 za sukari. Ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Wanaochoka sana mara nyingi wamepungukiwa maji na pumzi, wala si ugali. Wanaopanda zaidi ya mita 2,500, kama wale waendao Lolmalasin, wajue dalili za ugonjwa wa mlimani: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi. Tiba yake ya kwanza ni kuacha kupanda, na dalili zikizidi, kushuka mara moja.

Kuhusu ukungu, madereva huuchukia na wana sababu. Matone yake madogo hutawanya mwanga pande zote, na anayewasha taa kali hujijengea ukuta mweupe mbele ya macho yake mwenyewe. Taa za chini huona mbali zaidi. Lakini kwa mkulima wa Qurus ukungu huo ni akiba. Upepo utokao Bahari ya Hindi hufika ukibeba mvuke, hukuta ukuta wa milima, hupanda. Hewa inayopanda hupanuka na kupoa kwa nyuzi 1 hivi kwa kila mita 100. Tuseme imetoka Karatu ikiwa na nyuzi 20, na mvuke wake unatosha kuanza kuganda kuwa matone ifikiapo nyuzi 15. Basi katika kimo cha mita 2,000 ukungu huzaliwa, na ndipo msitu ulipo. Kuanzia hapo hupoa polepole zaidi, kwa nyuzi 0.6 hivi kila mita 100, kwa sababu mvuke unaogeuka maji hurudisha joto lake. Hufika ukingoni ikiwa na nyuzi 13 na kidogo. Ikiwa maji yameachwa huko juu, hewa hiyo inaposhuka upande wa pili hupata joto kwa nyuzi 1 kila mita 100, na ikirudi kimo cha mita 1,500 huwa na nyuzi 21: joto zaidi kuliko ilivyoondoka, na kavu. Msafiri akivuka ukingo na kuteremkia Malanja, kisha Oldupai, huona kwa macho matokeo ya hesabu hiyo. Misitu ya mashariki hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Mbuga za magharibi hupata chini ya 500.

Mvua si yote. Miti ya ukingoni imevikwa kuvumwani na ndevu za kijani zinazoning'inia, na kila uzi wa ndevu hizo hunasa matone ya ukungu yapitayo, yakaungana na kudondoka chini hata siku isiyo na mvua. Maji hayo huzama katika majivu ya kale ya volkano, hutembea chini ya ardhi, na kutokeza katika chemchemi na vijito vinavyonywesha vijiji vya Karatu. Chemchemi za Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, zinazomwagilia mashamba maarufu ya vitunguu, nazo hutegemea nyanda hizi. Mti ukikatwa, ukungu hauondoki. Utapita pale pale kila asubuhi, ila utavuka ukingo na maji yake hadi ukaukie upande wa pili. Mstari ule wa rula unaoonekana kutoka Qurus, basi, una maana kubwa kwa visima vya chini yake, na ndiyo sababu kila hatua unayorudishwa nyuma kwa jembe au panga yastahili kuandikwa na kupimwa.

Imebaki kushuka, na wengi hudhani kwamba kushuka ni bure. Lori lenye tani 10 lililopanda mita 600 limejiwekea nishati ya jouli milioni 59, na mteremko kutoka ukingoni hadi mashamba ya Karatu unazidi mita hizo. Likishuka bila kuongeza mwendo, nishati yote hiyo lazima igeuke joto mahali fulani. Joto hilo latosha kuchemsha pipa zima la lita 200 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Dereva ategemeaye breki peke yake huwa ameamua kulipika pipa hilo ndani ya vipande vichache vya chuma vilivyoko magurudumuni. Pedi zikipata joto kupita kiasi hupoteza msuguano. Mafuta ya breki, ambayo kwa miezi mingi hunyonya unyevu wa hewa, huchemka, na mapovu ya mvuke yakiingia katika mabomba, mguu huzama hadi sakafuni bila gari kupungua. Harufu ya kuungua huja mapema kidogo. Mara nyingi ndiyo onyo pekee.

Ndiyo maana madereva wakongwe wa njia hii hushuka kwa gia nzito, ile ile ambayo wangepandia. Injini inayozungushwa na magurudumu, badala ya kuyazungusha, hufanya kazi ya kusukuma hewa na kushinda msuguano wake yenyewe, na joto lake hutoka kwa njia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yaani bomba la moshi na rejeta. Breki hubaki baridi kwa ajili ya kona na kwa ajili ya nyati aliyelala barabarani. Kulitoa gari katika gia ili kuokoa dizeli ni kuokoa vikombe vichache. Katika barabara za kuingia ndani ya kreta, ambako magari yanayovutwa na magurudumu yote manne ndiyo yanayoruhusiwa, wapangaji wa njia walitumia busara: kwa Seneto hushukwa tu, kwa Lerai hupandwa tu, ili anayeshuka asilazimike kumpisha anayepanda mahali pasipo na nafasi.

Mtembeaji hana gia. Ashukapo Empakaai, misuli ya mapaja hukaza huku ikivutwa na kurefuka, na nyuzi zake hupasuka kidogo kidogo; ndiyo sababu maumivu ya kesho yake hutokana na kushuka zaidi ya kupanda. Hatua fupi na fimbo mbili hufanya kazi ya gia nzito.

Darasa lililoko Karatu linaweza kuupima mteremko huu kwa kifaa kisicho na bei. Chupa tupu ya plastiki ya lita 1 ifungwe kwa nguvu juu ya ukingo, isifunguliwe njiani. Ifikapo shuleni itakuwa imekunjamana ubavuni. Chupa iinamishwe kichwa chini ndani ya ndoo ya maji na kifuniko kifunguliwe humo humo: maji yatakayoingia yapimwe. Kwa hesabu ya mgandamizo peke yake, 767 kwa 845, yangepaswa kuwa mililita 90 hivi. Wanafunzi watapata pungufu, pengine 75, na mwalimu aweza kuwaachia usiku mmoja wa kutafuta sababu, akiwakumbusha tu kwamba asubuhi ile ukingoni walikuwa wamevaa makoti.